Inastaki dakika ya ngapi?

Msimu wa korosho ukifika, meza yangu ya ufundi hapa Mtwara mjini hubadilika. Miezi mingine kazi kubwa ni simu zilizoingia maji na printa za steshenari. Minada ikianza mwezi Oktoba na hela za wakulima zikaanza kuingia, zinakuja laptopu. Vijana wa Chuno na Shangani wanazileta kwa miguu. Wa Tandahimba na Newala wanashuka nazo kwenye basi, wamezipakata kifuani kama mtoto mchanga. Lalamiko ni lilelile: "Kaka, gemu inastaki." Yaani inakwama-kwama.

Na swali langu ni lilelile, nauliza kabla sijagusa hata zipu ya begi: "Inastaki dakika ya ngapi?"

Wengi hushangaa. Walitegemea niulize RAM ni ngapi, au niwaambie tupige Windows upya. Lakini hata zahanati, ukisema una homa, utaulizwa inapanda saa ngapi, inakuja na kuondoka au imekaa kutwa. Gemu kustaki ni dalili kama homa. Chini yake kuna magonjwa matano au sita tofauti kabisa, na kila ugonjwa una saa yake. Kuna laptopu inayostaki tangu gemu inafunguka. Kuna inayocheza vizuri dakika kumi za kwanza, kisha inachoka. Kuna inayokwenda vizuri ila kila baada ya muda inashtuka, picha inaganda nusu sekunde, inaendelea. Kuna inayostaki ukicheza na watu wa mtandaoni tu. Na kuna inayoanguka pale umeme unapokatika. Ukijua yako ni ipi, nusu ya kazi imekwisha, na pengine umeokoa hela yako.

Nasema kuokoa hela kwa sababu jambo hili linaniuma. Msimu uliopita alikuja kijana wa Tandahimba, laptopu yake ina kadi ya picha nzuri kabisa. Rafiki yake alimwambia tatizo ni RAM. Akanunua, akaongeza kutoka GB 8 hadi 16. Gemu ikaendelea kustaki. Mwingine akamwambia ni Windows, akapigiwa upya. Ikaendelea. Anafika kwangu, hela ya msimu imebaki nauli ya kurudi. Nikamuuliza swali langu. Akafikiri kidogo, akasema, "Mechi ya kwanza huwa iko poa, kaka. Ya pili ndiyo inaanza." Basi. RAM haikuhusika, wala Windows. Nitarudi kwake.

Kazi inayofanyika ndani

Picha ya gemu haitembei. Ni picha tulivu zinazobadilishwa haraka, na kila moja inaitwa fremu. Ukisikia gemu inacheza fremu 60, maana yake laptopu inachora picha 60 kila sekunde. Gawanya sekunde moja kwa 60: kila picha inapewa milisekunde 16.7 tu iwe tayari. Kwa fremu 30 ni milisekunde 33.3.

Kila picha inapita kwenye mikono kadhaa, na sisi watu wa huku kazi ya namna hii tunaijua. Korosho ghafi inachemshwa, inabanguliwa, inakaushwa, inamenywa ganda la ndani, inapangwa madaraja. Kama wabanguaji ni wawili na wamenyaji ni ishirini, wamenyaji watakaa wanapiga soga, na ukiwaongeza wengine kumi hujapata hata kilo moja zaidi. Ndani ya laptopu, prosesa ndiyo inayoamua mambo: mpira uko wapi, beki anakimbilia upande gani, gari limegonga nini. Ikimaliza inaikabidhi kadi ya picha, nayo inachora nyasi, vivuli, jasho la mchezaji. RAM ni meza ambayo vifaa vya kazi vimewekwa karibu. Diski ni ghala. Mwendo wa wote unapangwa na yule anayechelewa kuliko wenzake.

Kumjua huyo mchelewaji hakuhitaji fundi. Ukiwa ndani ya gemu, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi G. Vitatokea vidirisha, na kimojawapo kinaonyesha fremu, asilimia ya CPU, yaani prosesa, asilimia ya GPU, yaani kadi ya picha, na RAM iliyotumika. GPU ikiwa 95 hadi 100 muda wote, usiogope. Kadi ya picha inafanya kazi yote iliyopewa, ndiyo kikomo chako, na ukipunguza ubora wa picha fremu zitapanda. Lakini GPU ikisoma 50 huku gemu inastaki, kadi ya picha imekaa inasubiri kazi. Kupunguza ubora wa picha hapo hakutasaidia kitu. Wa kumtafuta ni prosesa au diski. Tena tahadhari: CPU inaweza kusoma asilimia 30 na bado ikawa ndiyo mchelewaji. Prosesa ina viini kadhaa, na gemu nyingi zinaegemeza mzigo mkubwa kwenye kiini kimoja au viwili. Kimoja kinaelemewa, vingine vimekaa, wastani unaonekana mdogo.

Hata namba ya fremu yenyewe inadanganya. Picha 59 zikifika kwa wakati na moja ikachukua milisekunde 200, wastani bado utasoma fremu 50 na kitu, lakini jicho lako limeshaliona lile shtuko, na kipa ameshafungwa. Ndiyo maana namsikiliza kwanza mchezaji mwenyewe, namba za kwenye kona ya skrini zinafuata.

Dakika ya kumi

"Mechi ya kwanza iko poa, ya pili ndiyo inaanza." Hilo ni joto, karibu kila mara.

Umeme unaoingia kwenye prosesa na kadi ya picha unageuka joto, karibu wote. Laptopu ya gemu ikiwa kazini inaweza kula wati 100 na zaidi, ndani ya boksi lenye unene wa vidole viwili. Joto hilo lina njia moja ya kutokea: linapita kwenye pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto uliopakwa juu ya chipu, linaingia kwenye mabomba bapa ya shaba, linafika kwenye mapezi membamba pembeni mwa laptopu, na hapo feni inalipuliza nje. Njia ikiziba popote, ndani panachemka. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo kati ya nyuzi joto 95 na 105, kutegemea aina. Kadi za picha nyingi hujihami mapema kidogo, kwenye nyuzi 80 na kitu. Zikifika hapo hazilipuki. Zinajipunguzia mwendo ili zipoe. Prosesa iliyokuwa inakimbia kwa GHz 4 inashuka hadi 2 au chini yake, na fremu zinashuka nayo. Ikipoa inapanda tena, inapata joto, inashuka. Mchezaji anaona gemu inayohema.

Na dakika kumi zinatoka wapi? Shaba na bodi vinachukua muda kushika joto, kama sufuria nzito ya wali: ukiiweka jikoni haichemki papo hapo, lakini ikishashika moto haipoi upesi.

Nilipofungua kifuniko cha chini cha laptopu ya yule kijana, kwa juu ilionekana safi. Nikatoa feni. Kati ya feni na mapezi kulikuwa na blanketi. Vumbi jekundu la kwao, laini kama unga, limeshikana na nyuzi za nguo na unywele mmoja mrefu, limekandamizwa kama sufi ya ndani ya mto wa zamani. Nililishika pembeni kwa kibanio, likatoka zima, lina mistari mistari kwa umbo la mapezi yenyewe. Nikaliinua mbele ya taa yangu ya mezani. Mwanga haukupita.

Feni yenyewe ilikuwa nzima, inazunguka kwa nguvu zake zote, inapuliza ukuta. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanasikia feni inanguruma, wanaamini upoaji uko sawa. Weka kiganja pale hewa inapotokea. Feni ikinguruma na kiganja kisisikie hewa moto yenye nguvu, njia imeziba. Tulisafisha, tukapaka pesti mpya, kijana akakaa kwenye stuli yangu akacheza mechi tatu mfululizo nikiwa namtazama. Ya tatu ilikwenda kama ya kwanza.

Pwani yetu nayo ina mambo yake. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Vumbi la Newala nalikuta jingi lakini kavu, ukilipuliza linatoka. Laptopu za Shangani na Mikindani, karibu na maji, vumbi lake limeganda kama tope lililokauka, skrubu zina kutu na shaba imeota ukijani. Hizo nazisafisha kwa brashi, pole pole. Halafu kuna majira. Laptopu inapoozwa na hewa ya chumbani, kwa hiyo chumba kikipanda kutoka nyuzi 24 hadi 32, chipu nazo zinapanda karibu kiasi hichohicho. Gemu iliyokuwa inateleza wakati wa kusi, Juni na Julai, inaweza kuanza kustaki kaskazi ikiingia, bila kitu chochote kuharibika. Kila Desemba napokea mtu anayeapa kwamba sasisho la gemu ndilo limemharibia.

Ufanye nini? Anza na kisichogharimu hela: iondoe kitandani. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini, na godoro au kitenge kinaziba matundu yote. Iweke mezani, inua upande wa nyuma kwa vizibo viwili vya chupa za maji. Nimeona nyuzi kadhaa zikishuka kwa vizibo tu.

Kusafisha ni kazi unayoweza kujifunza. Izime kabisa, chomoa chaja, na ukishafungua kifuniko chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla hujagusa kitu kingine. Unapopuliza, zuia panga za feni kwa kijiti zisizunguke. Upepo mkali unaweza kuizungusha feni kupita mwendo wake na kuiumiza. Na tafadhali, usiipeleke kwenye kompresa ya kujazia matairi. Najua iko jirani na jamaa hatakutoza kitu. Hewa yake huwa na maji na chembe za mafuta, na presha yake ni ya tairi la lori. Panga za feni ya laptopu ni nyembamba kama kucha.

Pesti hukauka baada ya miaka kadhaa, inakuwa kama chokaa. Hufutwa kwa spiriti safi, kisha inapakwa mpya, utando mwembamba unaofunika chipu. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, kaa na aliyewahi. Skrubu zinazobana mabomba ya shaba mara nyingi zimeandikwa namba, na hukazwa kwa kufuata namba hizo, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho unaweza kuvunja pembe ya chipu, na hapo hakuna fundi wa mezani atakayekusaidia.

Unaweza pia kupunguza joto bila kushika bisibisi. Ndani ya gemu nyingi kuna sehemu ya kuweka ukomo wa fremu: weka 60, au hata 45. Kadi ya picha iliyokuwa inahangaika kuchora fremu 110 ambazo skrini yako ya hezi 60, yaani ya picha 60 kwa sekunde, haiwezi kuzionyesha, inapumua. Pia kwenye mipangilio ya kina ya umeme ya Windows, kama yako inaionyesha sehemu hiyo, kiwango cha juu cha prosesa kishushe kutoka 100 hadi 99. Kwa laptopu nyingi asilimia hiyo moja inazima zile mbio za ziada ambazo prosesa huzitumia ikiwa bado ya baridi. Mwanzoni fremu zitapungua kidogo; dakika ya 40 zitakuwa zilezile. Mimi fremu 50 zisizotikisika nazithamini kuliko 90 zinazoanguka hadi 20.

Tangu sekunde ya kwanza

Gemu ikiwa nzito tangu inafunguka, joto bado halijapata nafasi. Hapa naanza na kitu ambacho karibu hakuna anayekitazama: chaja.

Igeuze usome maandishi madogo. Sehemu ya umeme unaoingia huandikwa volti 100 hadi 240, ndiyo maana umeme ukishuka kidogo jioni chaja haijali. Usiulaumu umeme mdogo kwa fremu kupungua. Tazama sehemu ya umeme unaotoka. Kuna volti na kuna ampea. Zidisha. Volti 19.5 mara ampea 3.34 ni wati 65. Volti 19.5 mara ampea 7.7 ni wati 150. Chaja hizo mbili pini zake zinaweza kuingia zote, lakini ya kwanza ni ya laptopu ya ofisini. Chaja ya asili ikiungua mtu ananunua iliyopo dukani, taa ya kuchaji inawaka, anaridhika. Laptopu haikubali kudanganywa. Nyingi zikitambua chaja ni ndogo zinajifunga mwendo tangu mwanzo. Nyingine zinajazia upungufu kutoka kwenye betri, na utaona ajabu: chaja imechomekwa ukutani, unacheza, na asilimia ya betri inashuka. Ukiona hivyo, acha kutafuta ugonjwa mwingine kwanza. Ukinunua chaja nyingine, volti ziwe sawasawa na za asili; ampea zikizidi hazina madhara, zikipungua ndiyo shida inaanza.

Sababu ni hiyohiyo umeme ukikatika katikati ya mechi na fremu zikaanguka. Betri haiwezi kutoa wati nyingi kwa mkupuo kama chaja, kwa hiyo laptopu inaibana kadi ya picha. Hakuna mpangilio utakaoliondoa hilo lote. Shusha ukomo hadi fremu 30, maliza mechi yako.

Halafu kuna suala la kadi mbili. Laptopu nyingi za gemu zina kadi ndogo ya picha ndani ya prosesa yenyewe, na kubwa inayojitegemea. Windows inachagua itumie ipi, na kwa kuwa inajali betri, mara nyingine gemu nzito inabebeshwa ile ndogo huku kubwa imelala. Fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu inayoonyesha michoro ya matumizi, utaziona GPU 0 na GPU 1. Gemu ikiwa inaendelea na ile kadi kubwa ikasoma sifuri, umeshaipata sababu. Ingia Settings, kisha System, Display, halafu Graphics. Iongeze gemu yako kwenye orodha na uichagulie High performance. Ni dakika mbili. Nimewahi kuwarudisha vijana nyumbani kwa hilo tu, na sikuwatoza.

Ila laptopu nyingi tunazonunua mitumba zilitoka maofisini ng'ambo. Ni imara, kibodi zake nzuri, nazipenda. Lakini nyingi hazina kadi ya pili, na hapa lazima niwe mkweli kwa sababu wapo wanaouziwa matumaini: hakuna draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, wala programu ya kuongeza mwendo itakayoigeuza laptopu ya kuandikia barua kuwa ya kuchezea gemu mpya. EA Sports FC 24, iliyotoka mwaka 2023, inataka kwa uchache RAM ya GB 8, nafasi ya GB 100 kwenye diski na kadi ya picha inayojitegemea. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta Aprili 2015, ilianza na RAM ya GB 4 kwa uchache. Rudi nyuma miaka kadhaa katika kuchagua gemu, laptopu ya ofisini itakupa raha.

Na hapo ndipo RAM inapostahili sifa zake. Kadi ndogo ya ndani haina kumbukumbu yake mwenyewe, inaazima RAM. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR4, yenye mwendo wa 3200, kinapitisha, kwa hesabu ya kiwandani, GB 25.6 kwa sekunde. Vijiti viwili vikifanya kazi pamoja ni GB 51.2. Kwa hiyo mwenye laptopu ya ofisini yenye kijiti kimoja cha GB 8, akiongeza kingine kinachofanana nacho, ataona tofauti kwa macho. Yule kijana wa Tandahimba kadi yake ilikuwa na kumbukumbu yake, na joto ndilo lililomkwamisha; kijiti chake kipya hakikuwa na kazi ya kufanya.

Cha mwisho kwenye kundi hili ni ukubwa wa picha. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ya 1280 kwa 720 ina nukta 921,600, chini ya nusu. Kadi inachora kila nukta kwa kila fremu, kwa hiyo hakuna mpangilio mmoja wenye nguvu kuliko huu. Baada yake punguza vivuli, kisha miakisi ya maji na vioo. Ubora wa sura za vitu, kama jezi na kuta, unaweza kuuacha juu ikiwa kadi yako ina kumbukumbu ya kutosha, maana haupunguzi fremu nyingi.

Inashtuka kila baada ya muda

Fremu nzuri, halafu ghafla picha inaganda unapoingia mtaa mpya au mchezaji mpya anapoingia uwanjani. Ghala linachelewesha. Diski ya zamani ya kuzunguka, ya mizunguko 5400 kwa dakika, inasoma takriban MB 100 kwa sekunde faili likiwa kubwa na limenyooka; vipande vidogo vilivyotawanyika inavisoma kwa mwendo wa kobe. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ile ya kawaida yenye kiunganishi cha SATA, inafika takriban MB 550, na vipande vidogo havisumbui. Kama una laptopu yenye diski ya kuzunguka na hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua SSD. Haitaongeza fremu, lakini mashtuko yatapungua, na laptopu nzima itaamka.

RAM ikijaa matokeo yanafanana, kwa sababu laptopu inaanza kutumia diski kama meza. Funga kivinjari kabla ya kucheza. Vichupo ishirini vilivyoachwa wazi vinakula GB kadhaa kimyakimya.

Na kuna jambo linalonitia hofu. Gemu nyingi mitaani zinapita kwenye flashi, zimevunjwa kufuli. Nyingine zimebeba programu iliyojificha inayoitumia kadi yako kuchimba sarafu za kidijitali za mtu mwingine. Dalili yake: umefunga kila kitu, hujafungua gemu, na feni inanguruma huku GPU inasoma asilimia kubwa. Baadhi ya programu hizo zinajificha ukifungua Task Manager, feni inanyamaza ghafla. Ukiifunga, inaanza tena. Hiyo ndiyo laptopu ninayoipiga Windows upya bila kusita, baada ya kuokoa picha na nyaraka za mwenyewe.

Mtandaoni tu

Jaribio ni jepesi. Fungua gemu ileile, cheza na kompyuta badala ya mtu. Ikiteleza vizuri, laptopu yako haina kosa. Unachokiona mtandaoni, wachezaji kuruka kutoka hapa hadi pale, pasi kuchelewa kutoka mguuni, ni safari ya data.

Safari hiyo ina urefu. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mtwara hadi Johannesburg, zilipo seva za gemu kadhaa, yaani kompyuta zinazoendesha mechi za mtandaoni, ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 20 hata kama hakuna kinachoichelewesha. London ni zaidi ya kilomita 7,000, milisekunde 70 na kuendelea. Waya za kweli hazinyooki, zinazunguka baharini na kupita vituo, kwa hiyo namba unayoiona ni kubwa zaidi. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima. Siku ile hata laptopu ya bei gani isingekuokoa. Ukiwa na uhuru wa kuchagua seva, chagua ya karibu. Ukichukua intaneti kwenye simu, iunganishe kwa waya wa USB badala ya hotspoti ya hewani, uone kama kutetereka kunapungua, na uhakikishe hakuna anayetazama video kwa bando hilohilo.

Kama bado hujanunua laptopu na hela ya msimu iko mkononi, beba gemu yako kwenye flashi uende nayo dukani. Omba uiingize, ichomeke kwa chaja yake yenyewe, cheza dakika 20 ukiwa umesimama palepale kaunta, kiganja kimoja kikisikiliza hewa inayotoka pembeni. Dakika tano hazitoshi. Karibu kila laptopu ni nzima kwa dakika tano. Muuzaji akikwambia hana muda wa dakika 20, muage kwa salamu nzuri, uvuke barabara, uingie duka linalofuata.